Mbwa Aliyempandisha Fundi Mashuani

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu. Kwa kawaida mimi ndiye ninayetangulia, natoka naangalia upepo, kisha namwamsha. Siku hiyo nilimkuta ameketi kwenye kiti cha jikoni, amevaa gauni lake la buluu la kwendea hospitali, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu ilikuwa imevimba. Mbwa alikuwa mbele yake, ameuma mkanda wake mdomoni, anasubiri kuvishwa.

"Mwenzako yuko tayari," mke wangu akaniambia. "Wewe bado unatafuta kiatu."

Kweli, nilikuwa natafuta kiatu.

Tulikunywa chai. Yeye alikunywa nusu kikombe, nusu nyingine akanisogezea bila kusema kitu, nami nikaimaliza bila kusema kitu. Akaniuliza kama nimefunga mlango wa nyuma. Nikasema nimefunga. Akasema, "Nenda ukaangalie." Nikaenda. Ulikuwa wazi. Niliporudi hakuuliza, na mimi sikueleza. Ndoa ya miaka arobaini na mmoja, mambo mengine hayahitaji kikao.

Kutoka kwetu hadi gatini ni mwendo wa dakika kumi. Sisi ulituchukua nusu saa. Alipumzika kwenye ngazi ya duka la baiskeli, akapumzika kwenye benchi la kinyozi, na mwisho akakaa juu ya magunia ya Bwana Unga. Huyu ndiye mwenye mashine ya kusaga pale karibu na gati, na jina hilo alipewa na watu kwa sababu hata nyusi zake zina unga.

"Fundi! Leo tena wewe na karani wako?" akamwuliza mke wangu.

"Leo tena. Simama vizuri, anakukagua," mke wangu akajibu.

Mbwa alikuwa ananusa suruali yake, mguu mmoja kisha wa pili.

"Anikague nini? Mimi si mzigo."

"Na hilo tumbo? Nahodha akiliona atakuhesabu magunia mawili."

Bwana Unga alicheka mpaka akashika mizani. Tukateremka gatini. Nikampa mke wangu mkono, akaingia mashuani. Mbwa akaruka, akaingia. Nikafungua kamba. Upepo ulikuwa wa kutosha, upepo wa kusukuma bila kugombana na mtu.

Hayo ndiyo yote. Ningejua kwamba ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, ningemtazama yeye. Nilikuwa natazama tanga.

Watu wote walimwita mke wangu Fundi. Hata mimi. Binti yetu alipokuwa mdogo naye alimwita Fundi, mpaka alipofundishwa kusema mama. Alikuwa mshona matanga, na katika upande wetu wote wa ziwa hapakuwa na mwingine. Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, na mali aliyokuja nayo ilikuwa cherehani moja ya mkono na kipande cha ngozi. Kile kipande alikivaa kwenye kiganja cha kulia ili kusukumia sindano. Sindano ya tanga ni ndefu kama kidole cha kati, na haiendi kwa kubembelezwa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na urefu wa hatua kumi na tisa. Sakafu ya saruji, imesuguliwa mpaka inateleza, kwa sababu tanga halikatwi mezani. Unalitandaza chini, unatembea juu yake na chaki mkononi. Viatu vinabaki mlangoni. Siku moja alikuja ofisa mmoja na viatu vinavyong'aa, akasema yeye hapitii mahali bila viatu. Fundi akamwambia, "Basi tutaongea dirishani." Wakaongea dirishani.

Meza ya cherehani ile aliikata miguu, ikakaa chini, naye akakaa chini kwenye mto. Alinunua kitambaa cha marekani kwa majora, na kabla ya kukata alilowesha kila kipande kwenye pipa. Alikuwa na sheria moja ambayo kila mwanafunzi wake aliimeza kwanza: kitu cha majini hupimwa kikiwa kimelowa. Kitambaa kikilowa hujivuta, hupungua. Ukikipima kikavu, siku ya mvua tanga litakuwa fupi na mwenye mashua atakulaani katikati ya ziwa. Hakuna mwenye mashua aliyewahi kumlaani mke wangu.

Lakini kwa miaka hiyo yote yeye mwenyewe hakuwahi kupanda mashua.

Alipokuwa na miaka saba binamu zake walimtupa majini kwa mchezo. Walidhani kila mtu huzaliwa anajua kuogelea. Alitolewa hana sauti. Kuanzia siku hiyo, maji aliyoyataka ni yale yanayoenea kwenye ndoo. Gati letu lina mbao arobaini na mbili, nimezihesabu mara nyingi. Yeye aliishia ubao wa tatu. Alikuwa akisimama pale, mkono umekinga jua, na mimi nikiwa mbali naondoka na mzigo nilikuwa nikisikia sauti yake inavuka maji:

"Kona ya chini inapiga makofi! Lirudishe jioni nilifunge!"

Nikilirudisha, analifunga. Miaka thelathini na minane alishona matanga bila kuona hata moja kutoka chini yake.

Mabaharia walinicheka. "Nahodha, wewe umeoa paka." Siku moja mke wangu aliwasikia. Akasema, "Paka ndiye aliyekushonea tanga hilo. Likichanika, nenda kwa panya akushonee." Hawakurudia tena, walau si mbele yake.

Mbwa alikuja wakati binti yetu ameshaolewa na nyumba imekuwa na mwangwi. Pale gatini kulikuwa na ghala na mlinzi wake. Mlinzi akahamishwa kazi, akaondoka na godoro na redio, mbwa akamwacha. Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, mwenye manyoya mengi kama mkeka uliofumuka, sikio moja limesimama na moja limelala. Akaingia chumba cha matanga. Akakuta vipande vya kitambaa vimerundikwa pembeni, akajizungusha mara tatu, akalala. Fundi hakumfukuza. Aliangalia miguu yake tu, akasema, "Wewe angalau hujavaa viatu."

Kila mteja aliyeingia, mbwa aliinuka, akamnusa kuanzia vidole mpaka magoti, kisha akarudi kulala. Hapiti mtu bila kuandikishwa. Ndiyo maana akaitwa Karani.

Mimi sikumtaka. Sisemi uongo. Nililelewa kwenye mashua na baba yangu, na baba yangu alisema mnyama wa miguu minne mashuani ni ng'ombe tu, tena awe amefungwa. Nilimwambia mke wangu mbwa atazoea chakula chetu. Akajibu, "Na wewe ulizoea."

Kisha moyo wake ukaanza kuugua. Kwanza alikuwa anapumzika katikati ya mshono. Kisha miguu ikavimba. Usiku akawa analala amekaa. Zahanati yetu ndogo ikasema hawana kipimo, nendeni hospitali ya ng'ambo. Binti yetu akaja, akamchukua kwa gari, wakazunguka ziwa. Barabara ile ni siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, shimo juu ya shimo. Aliporudi alibebwa hadi kitandani, na kwa juma zima hakushika sindano.

Daktari alikuwa mama wa makamo, hapambi maneno. Alimwambia binti yetu: mgonjwa aonekane kila mwezi, dawa zirekebishwe kila mwezi. Akija, tunaweza kumwongezea siku. Asipokuja, mwaka huu hataumaliza. Na kwa barabara ile msimlete tena, barabara yenyewe itamuua.

Ilibaki njia moja. Kwa maji, upepo ukiwa mzuri, ni saa tatu. Ndiyo njia yangu ya kila siku. Nimeipita maisha yangu yote na magunia, mabati, vitanda, mara moja hata na meza ya hakimu. Sasa nilitakiwa kumpitisha mke wangu, naye hakutaka.

"Nitafia hapa," alisema. "Juu ya matanga yangu, mkavu."

Binti yetu alilia, akamshika magoti. Siku ya hospitali ilipofika tulimvalisha, tukamshika huku na huku hadi gatini. Ubao wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Hapo miguu ikagoma. Nilimwona jasho linamtoka juu ya mdomo. Akageuka.

Mimi nilikasirika. Nilikuwa naogopa, na mwanaume akiogopa hukasirika. Nikamwambia, "Umeshona matanga miaka yote hii, kumbe huyaamini!"

Akajibu taratibu, "Matanga nayaamini. Maji ndiyo sikuyashona mimi."

Tukamrudisha nyumbani. Mwezi ule ukapita bila daktari. Nilianza kumhesabia pumzi zake usiku, yeye akijifanya amelala.

Baada ya siku kama kumi hivi nilipakia mabati asubuhi, nikaondoka. Nilikuwa nusu ya safari nilipoona tanga la akiba, lile lililokunjwa mbele, linapumua. Nikalifunua. Karani. Alikuwa amelala kama mfalme. Alinitazama kwa jicho moja, akanihakiki, akalifunga. Kurudi kungekuwa kupoteza upepo. Nikaendelea. Tulipofika ng'ambo alishuka, akawanusa wapagazi wote mmoja mmoja, akarudi mashuani mwenyewe akakaa.

Kumbe kule nyumbani mke wangu alikuwa ameshamtafuta asubuhi nzima. Kinyozi ndiye aliyemwambia alimwona mbwa akiingia mashuani. Niliporudi alasiri niliona mtu amesimama mwisho kabisa wa gati. Sikumtambua, kwa sababu hapo hakuwahi kusimama. Nilipokaribia nikaona ni yeye. Ubao wa arobaini na mbili. Maji yako chini ya vidole vyake, na hana habari.

"Mwizi wewe!" alinipigia kelele. "Umemchukua mbwa wangu ukampeleka katikati ya maji bila hata kamba!"

"Alijificha."

"Alijificha! Wewe ni nahodha au ni mzigo? Mtu haoni mbwa ndani ya mashua yake!"

Nikatupa kamba, akaipokea, akaifunga. Naye hakujua kwamba ameifunga. Karani akaruka, akamlamba mikono. Mke wangu akamshika kichwa, akamkagua macho.

"Alitapika?"

"Hakutapika."

"Alilia?"

"Alilala."

"Njia nzima?"

"Njia nzima. Alikoroma."

Alimtazama mbwa, kisha akageuka kurudi nyumbani, na hapo ndipo alipoona yuko wapi. Alinishika mkono kwa kucha. Tulirudi ubao kwa ubao. Tulipokanyaga ardhi akaniachia.

"Akienda tena," akasema, "haendi hivi hivi. Namshonea mkanda. Wenye mshikio mgongoni, ili akianguka anyanyuliwe kama kikapu."

Kesho yake aliingia chumba cha kazi. Alikuwa hajaingia kwa karibu mwezi. Nilimsikia anaita mbwa, nikasikia maji yanamwagika, nikasikia mbwa anapinga. Nilipochungulia, Karani alikuwa amesimama juu ya sakafu, amelowa chapachapa, amekuwa mbwa mwembamba kama ufagio, na mke wangu anazungusha utepe wa kupimia kifuani mwake.

"Unafanya nini?"

"Kitu cha majini hupimwa kikiwa kimelowa. Huyu ataingia majini au hataingia?"

Nilijua kuna kosa mahali, lakini mimi si fundi. Nikaenda zangu. Alishona siku mbili, marekani mara tatu, mshono wa mashua kubwa, pete ya shaba kwenye mshikio. Kazi safi. Siku ya tatu akamwita Karani, ambaye sasa alikuwa mkavu na manyoya yake yote yamesimama. Mkanda haukufika hata nusu. Alivuta huku, akavuta kule. Mbwa alimtazama kwa huruma.

"Amenenepa?" akauliza.

"Amekauka," nikasema.

Alinitazama. Akamtazama mbwa. Akautazama utepe wake. Kisha akaanza kucheka, akakaa chini, akacheka mpaka machozi, akiniambia nisimchekeshe, moyo, moyo. Mimi sikuwa nimesema kitu kingine. Nilicheka pia. Nyumba yetu haikuwa imesikia kicheko tangu ugonjwa uingie. Fundi wa miaka thelathini na minane, amemlowesha mbwa kama jora la kitambaa. Nilimwambia siku nikifa asije akanipima sanda nikiwa kwenye pipa. Akanirushia mto.

Aliufumua, akaushona upya. Ukamkaa Karani kama alizaliwa nao.

Sasa mkanda ulitakiwa kujaribiwa. Nikasema nitaujaribu mimi. Akakataa.

"Wewe una mikono miwili. Mmoja uko kwenye usukani, mmoja uko kwenye kamba ya tanga. Mbwa utamshika na meno?"

"Basi nani atamshika?"

Alikwenda jikoni, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeoshwa. Akarudi.

"Mashua ikiwa imefungwa gatini," alisema. "Imefungwa. Kamba mbili."

Sikumwambia mtu. Hata binti yetu sikumwambia. Niliogopa neno lolote lingemrudisha nyuma. Siku ya kwanza Karani alitangulia. Yeye alishika ule mshikio, akafumba macho, akaingia kwa matako kama mtoto, akakaa sakafuni mwa mashua. Alimshika mbwa kwa mikono yote miwili. Nani alikuwa anamzuia nani asianguke, mimi sijui. Tulikaa robo saa. Mashua haikwenda popote. Alipotoka alikuwa amelowa jasho, akasema mkanda uko sawa lakini inabidi aangalie tena kesho.

Kesho tukakaa nusu saa. Keshokutwa alifumbua macho, akaona nimeacha ndoo chafu, akanigombeza. Nikajua tunakwenda vizuri.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki. Sikuikumbusha. Yeye ndiye aliyevaa gauni la buluu. Aliingia, akakaa, akamweka Karani katikati ya miguu yake, akaupitisha mkono kwenye mshikio.

"Fungua," akasema.

"Kamba zote mbili?"

"Fungua wewe, kabla sijapata akili."

Nikafungua.

Sitasema alifurahi. Saa ya kwanza alikuwa amefumba macho na midomo inacheza. Karani alikuwa amelaza kidevu juu ya goti lake, anakoroma. Nadhani ni kule kukoroma. Mtu hawezi kuogopa kikamilifu wakati mwenzake anakoroma. Tulipofika katikati, ambako nchi kavu huonekana pande zote kama uzi, alifumbua macho. Hakutazama maji. Alitazama juu.

Tanga lilikuwa limejaa. Jua liko nyuma yake, kila mshono unaonekana, kila kiraka. Lilikuwa lake, la miaka sita nyuma. Alilitazama hata nikadhani hapumui.

"Mshono wa tatu nimeukaza mno," akasema.

Kisha akajifuta uso kwa ukingo wa kitambaa chake cha kichwa. Nikageukia usukani. Mtu akiliona jambo lake, mwache nalo.

Hospitalini askari wa getini alisema mbwa haingii. Mke wangu akasema mbwa hana shida na kuingia, mwenye shida ni yeye mgonjwa, naye anaingia. Mimi na Karani tukabaki nje ya geti, chini ya kibao cha saa za kuona wagonjwa. Tulikaa pale kila mwezi. Askari aliandikishwa siku ya kwanza, vidole mpaka magoti, na mwezi wa tatu akawa anamletea bakuli la maji.

Haikuwa rahisi pande zote. Alhamisi ilikuwa siku yangu ya abiria, na abiria hawakutaka. Mama mmoja alishuka na watoto wake wanne akisema hapandi chombo kimoja na mbwa. Simlaumu, kila mtu na mazoea yake. Bwana Unga naye alikuja na uso umekunjamana.

"Nahodha, mbwa kukaa na unga wa watu? Utaniharibia jina."

"Basi unga usipande Alhamisi."

"Unanifukuza mimi kwa ajili ya mbwa?"

"Kwa ajili ya Fundi."

Akapangusa nyusi. Alhamisi iliyofuata aliweka magunia matatu ya pumba kwenye njia ya gati, yamepangwa kama kiti. Nilimwuliza ya nini. Akasema ni stoo imejaa. Stoo haikuwa imejaa. Na magunia yale hayakuondoka miaka mitatu.

Karani alianguka majini mara moja tu. Aliona ndege mweupe akajisahau kwamba yeye ni karani. Kabla sijaachia usukani mke wangu alikuwa ameshainama, ameshika mshikio, akamvuta juu kwa mkono mmoja, mkono ule wa kuvalia kipande cha ngozi, akamtupa sakafuni. Maji yote yakamrukia yeye. Nilingoja apige kelele. Alijipangusa macho akasema, "Pete imeshika." Mwezi huo daktari alimpima, akauliza kama amenyanyua kitu kizito, maana alishamkataza.

"Kitu, hapana," mke wangu akasema. "Nimenyanyua karani."

Daktari alitoka hadi getini kumwona huyo karani. Akanuswa yeye pia.

Bila safari zile, daktari alitupa mwaka usiomalizika. Kwa safari zile tulipata miaka mitatu kasoro mwezi mmoja. Mwanzoni nilikuwa namsindikiza hospitali. Baadaye sijui nani alikuwa anamsindikiza nani. Miaka yote ya nyuma niliondoka asubuhi nikamwacha ubao wa tatu, nikadhani hayo ndiyo maisha ya nahodha na mke. Sikujua kwamba yeye huimba akiwa majini, kwa sababu nyumbani hakuimba. Sikujua anaweza kunyamaza saa nzima bila kuwa na hasira. Mtu umeishi naye miaka thelathini na minane, halafu unamjua Alhamisi.

Nashukuru. Watu wanakuja kunipa pole, nazipokea, lakini ndani mimi nashukuru. Namshukuru daktari yule asiyepamba maneno. Namshukuru Bwana Unga na pumba zake. Mlinzi wa ghala, popote alipo na godoro lake, namshukuru kwa kumsahau mbwa. Kulia ninalia pia. Hayo mawili yanakaa chumba kimoja, hayagombani.

Safari ile ya mwisho, ya asubuhi niliyoanza nayo, daktari aliniita ndani. Nilimwachia askari mbwa. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani anafunga vifungo. Daktari akasema dawa zimefika mwisho wake, hakuna tena cha kuongeza. Akasema, "Msimsumbue na safari tena. Akae nyumbani, apumzike." Alisema mbele yake. Mke wangu alimshukuru, akamwambia gauni lake la kazi limefumuka begani, alete uzi. Akalishona pale pale, daktari amelivaa. Mishono sita. Akakata uzi kwa meno.

Alifariki siku tisa baadaye, asubuhi, chumba cha matanga. Tulikuwa tumemtandikia pale kwa sababu alitaka. Binti yetu alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa miguuni. Hakuteseka, na hilo pia nalishukuru.

Maneno yake ya siku zile tisa yalikuwa machache, ya maji na ya mto na ya kufunga dirisha. Ninayoyashika mimi ni ya ile safari ya kurudi kutoka hospitali. Alikaa mahali pake, Karani katikati ya miguu. Hakuzungumzia aliyoyasema daktari, na mimi sikuyagusa. Gati likaonekana, nikaona watu, nikaona magunia. Nikasimama kushika kamba ili nishushe tanga, kama nilivyofanya maisha yangu yote kwenye maji yale. Yeye ndiye aliyenizuia, yule aliyekuwa akiishia ubao wa tatu. Nilifanya alivyotaka. Nilifanya mara mbili, mpaka Bwana Unga akapunga mkono akidhani tumeharibikiwa. Alichosema, neno kwa neno, ni hiki:

"Usishushe tanga, mzee. Tuzungushe tena kidogo, mimi na huyu hatujatosheka."